Bi Kaskazini na Ulimi wa Zege

Jina la Kaskazini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na ofisi. Alipoajiriwa katika idara ya ujenzi, shahada yake ya uhandisi ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, wanaume kumi na mmoja wa chumba cha michoro walikaa wakashauriana wamfanye nini. Walikuwa watu wema, tusiwasingizie. Hakuna aliyemtukana. Walimtafutia stuli yenye mgongo, wakampa meza ya karibu na dirisha, kisha wakampa kazi ambayo kwa maoni yao mwanamke angeiweza bila kujiumiza: kuandika vichwa vya ramani kwa wino, na kuchora mshale wa kaskazini kwenye kona ya kila karatasi. Mwandiko wako mzuri, walimwambia. Kwa miaka miwili kila jengo lililotoka katika chumba kile lilijua kaskazini iko wapi kwa hisani yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kupewa hata boriti moja.

Leo ni bibi wa miaka sabini na miwili, na ukimgusia chumba kile uso wake unalainika. Chumba kilichomnyima kazi ndicho anachokitamani! Anakumbuka harufu ya amonia ya mashine ya kunakili ramani, iliyowatoa watu wazima machozi kila saa nne asubuhi. Anakumbuka sauti ya wembe ukikwangua wino uliokosewa, na karatasi za kufuatishia zilivyokuwa zikilegea msimu wa mvua zikakataa kupimika. Vijana wanaomtembelea humwambia kwamba siku hizi yote hayo hufanywa na kompyuta kwa kubonyeza tu. Huwajibu, "Hongera zenu," kwa namna ambayo hawajui kama wamesifiwa au wamesemwa.

Kilichomtoa kwenye mishale ni uchokozi wake mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kuzikokotoa upya boriti za wenzake, kimyakimya, nyuma ya vipande vya karatasi, kama wengine wanavyojaza mafumbo ya gazetini. Siku moja Mhandisi Mkuu, mzee mrefu mwenye kikohozi kikavu na kalamu tatu mfukoni, aliokota kipande kimoja chini ya meza. Akakisoma amesimama. Akauliza hesabu hii ni ya nani. Chumba kizima kikageuka kutazama dirishani.

"Ni yangu, Mzee," Kaskazini akasema.

"Mwenzako kwenye boriti hii ameweka nondo sita. Wewe umeweka nne."

"Nne zinatosha, Mzee."

Mkuu akakohoa, akatia kile kipande mfukoni, akaenda zake. Wiki iliyofuata akamwita ofisini na kumkabidhi ramani za jengo la wagonjwa wa nje: vyumba vinane, ghorofa moja, kazi ya mwaka mmoja. Kaskazini alikuwa ameshafika mlangoni, miguu haigusi chini kwa furaha, Mkuu alipomwita tena.

"Jambo lingine. Kuna wasichana wawili wanamaliza chuo mwaka huu, wameomba nafasi hapa kwetu. Bodi inangoja kuona wewe utakuwaje, ndipo iwajibu."

Alilisema kama mtu anayekumbusha kufunga dirisha. Lakini Kaskazini alishuka ngazi akijua kwamba sasa wako watatu, na wawili kati yao hata hawajui kwamba wamo.

Huko saiti msimamizi alikuwa mzee mmoja mfupi, aliyeitwa Timazi kwa sababu alikuwa akitembea na ile kamba yenye kitako cha chuma ya kupimia ukuta ulionyooka, ikining'inia kiunoni hata siku ya mapumziko. Miaka thelathini na mmoja ya ujenzi, na hakuna ukuta wake uliowahi kuinama. Siku ya kwanza gari la idara liliposimama na Kaskazini akashuka, Mzee Timazi alichungulia ndani ya gari nyuma yake.

"Injinia yuko wapi, binti?"

"Ndiye mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, kisha akazunguka upande wa pili wa gari kuhakikisha.

Wakazoeana kwa shida. Mwezi wa kwanza mzee alimjibu kwa kupitia kwa watu wengine, hata akiwa amesimama mbele yake: mwambieni injinia mchanga umekuja. Mwezi wa pili akaanza kumwonyesha namna ya kulijua zege kwa kulifinya kiganjani. Mwezi wa nne akamwekea kibao cha kukalia kivulini, na ole wake fundi atakayekikalia. Kufikia mwezi wa saba ungewaona wawili hao wameinamia ramani vichwa vikigusana, wakibishana, na ubishi wao ulikuwa mtamu. Kaskazini hupenda kusema kwamba chuo kilimpa hesabu na Mzee Timazi akampa macho. Analisema hilo kwa moyo wote, pamoja na yote yaliyotokea.

Shida iliyobaki ilikuwa moja, na hakuna aliyeiona kuwa ni shida ila yeye. Saiti haikuwa na choo cha mwanamke. Kilikuwapo cha wanaume, shimo kule mteremkoni lililozungushiwa mabati yanayoishia kifuani, bila mlango, na waliokuwa ndani waliendelea na mazungumzo na walio nje kana kwamba wamekaa sebuleni. Kaskazini alikwenda mitaa miwili mbele, kwa mshonaji mmoja aliyeitwa Mama Cherehani, mwenye nyumba ya mlango wa buluu. Mama yule alikuwa na moyo wa dhahabu, ila alipenda mazungumzo. Na huwezi kuingia nyumba ya mtu, ukatumia choo chake, ukatoka mbio bila salamu. Basi ilikuwa lazima umuulize hali, uulize miguu inamsumbuaje, uangalie gauni analoshona na kulisifu. Safari fupi kuliko zote ilichukua dakika thelathini. Kwa hiyo Kaskazini akaacha kunywa chai asubuhi, akaacha maji ya mchana, akajifunza kwenda kwa Mama Cherehani mara moja tu kwa siku, saa saba mchana, na alifika kwake ameuma meno.

Sasa tuje kwenye ulimi. Mbele ya jengo lile, juu ya mlango mkuu, ramani ilitaka paa la zege litokeze nje ya ukuta mita mbili na nusu, lisiwe na nguzo hata moja mbele, ili gari la wagonjwa liweze kuingia chini yake hadi mlangoni. Mafundi waliliita ulimi. Paa la kawaida hukaa juu ya kuta mbili, na uzito hulivuta upande wa chini, kwa hiyo nondo zake hulazwa chini. Ulimi umeshikwa upande mmoja tu. Unapotaka kuinama, unaovutika ni mgongo wake. Nondo za ulimi hukaa juu. Kaskazini alichora hivyo, na mafundi walizifunga hivyo, zikiwa zimeinuliwa juu ya viti vidogo vya chuma kumi na vinne ili zisishuke. Jioni ya kuamkia siku ya kumwaga zege alivihesabu kwa kidole, kimoja kimoja. Mzee Timazi alisimama pembeni akizitazama nondo zile, akikuna kidevu.

Kesho yake mashine ikaanza kunguruma saa moja, na matoroli yakapanga foleni. Saa nne Kaskazini alihisi kwamba leo hatafika saa saba. Alijikaza. Saa nne na nusu maji yalikuwa yamemfika shingoni, tusizunguke. Walikuwa bado wanamwaga upande wa ndani, ulimi haujaguswa. Akamwambia Mzee Timazi kwamba anatoka kidogo, akaenda kwa mwendo wa haraka, na kwa bahati mbaya siku ile Mama Cherehani alikuwa na gauni la harusi mezani. Aliporudi zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano. Ulimi ulikuwa umejaa, umesawazishwa, unang'aa kwa maji. Alipanda, akautazama, akaona uso laini wa zege. Akatia saini kwenye daftari la saiti kwamba amekagua.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akikatiza kwenye lundo la vyuma chakavu, akaona kiti kimoja. Halafu cha pili. Alichuchumaa akaanza kuchakura kwa mikono, na alipoinuka alikuwa navyo vyote kumi na vinne kwenye sketi yake.

Mzee Timazi alimkuta hapo. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyefanya wema na kuombwa aueleze, na mwenyewe hapendi kujisifu.

"Umevikuta," akasema kwa sauti ya chini. "Nilitaka nivitupe mbali usivione. Usijali, binti. Tulikusitiri."

"Mlinisitiri nini, Mzee?"

"Ulikosea ramani. Nondo uliziweka juu. Nikasema nikimwambia mbele ya mafundi watamcheka, na huyu mtoto ni mtoto mzuri. Ulipotoka, nikasema Mungu si Athumani. Tukavuta viti, tukazishusha chini panapostahili, tukamwaga. Hakuna aliyejua. Kosa linamkuta kila mtu."

Kaskazini hakuweza kukasirika. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alimchukua mzee hadi kwenye meza ya ramani, akatoa kifutio chake kirefu cha mpira, akakikata mkato mdogo mgongoni kwa wembe. Akakilaza kwenye ukingo wa meza, nusu ikiwa nje, akakibana kwa kidole upande wa ndani na kubonyeza ncha ya nje. Mkato ukafunguka mdomo. Akakigeuza, mkato ukawa chini, akabonyeza tena. Mkato ukajifunga.

Mzee Timazi alitazama. Akakichukua kifutio akabonyeza mwenyewe, mara tatu. Halafu akavuta kile kibao cha kivulini, akakikalia kwa mara ya kwanza.

"Kuta," akasema. "Maisha yangu yote ni kuta, na mapaa ya kuta mbili."

"Najua, Mzee."

"Tuweke nguzo mbili mbele. Nani atauliza?"

"Gari la wagonjwa litapita wapi?"

Mzee akakirudisha kifutio mezani. Mirunda, yaani ile miti iliyoshikilia mbao chini ya zege, ilikuwa bado imesimama, na ingesimama wiki nne. Mpaka hapo ulimi ungelala juu yake bila kusema lolote. Baada ya hapo ungeweza kushika mwaka mzima, au usishike hata siku moja, na chini yake ndipo akina mama watakapopanga foleni na watoto wao.

Jioni ile Kaskazini alimkuta mama yake sebuleni anapiga pasi, ile pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye kifuniko. Mama alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na yote yenye ncha. Kaskazini akakaa kwenye mkeka akamweleza kila kitu. Mama aliendelea kunyoosha kola ya shati mpaka mahali fulani, hapo akainua pasi.

"Ngoja. Rudia hapo pa choo."

"Saiti hakuna choo cha wanawake, Mama. Naenda kwa mshonaji mtaa wa pili."

"Miezi saba?"

"Miezi saba."

"Ndiyo maana asubuhi chai huigusi." Mama akaiweka pasi kwenye kigae chake. "Na mimi nikadhani una mimba. Nimeshaanza kuhesabu miezi."

Wakacheka. Walicheka mpaka Kaskazini akajikuta analia, na mama akamwacha alie, akamkunjia shati.

"Nilikwambia uuguzi," akasema, lakini kwa upole. "Wodini vyoo vina milango."

"Nikisema ukweli, Mama, wale wasichana wawili hawapati kazi. Watasema, si mmemwona huyo? Akikosea mwanamume, amekosea yeye. Nikikosea mimi tumekosea wote."

"Na usiposema, watapata?"

"Watapata."

Mama akachukua shati lingine, akalinyunyizia maji, akalifikiria.

"Watapata," akasema. "Halafu nao watakwenda kwa mshonaji."

Siku ya tatu Kaskazini akasimama mbele ya meza ya Mkuu, na wajumbe wawili wa bodi wameketi kando. Alikuwa ameandika taarifa ya nusu ukurasa: ulimi uvunjwe, nondo zimeshuka, nilitia saini kitu ambacho sikukiona. Jina la Mzee Timazi hakuliandika. Mkuu aliisoma akaisogeza kando.

"Uliondoka saiti zege likimwagwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulikwenda wapi?"

Usiku kucha alikuwa amejiandalia maneno ya adabu. Yote yakamkimbia.

"Chooni."

Mjumbe mmoja akachunguza kucha zake. Mwingine, bwana mnene mwenye sauti nzuri, akauliza kama saiti haina choo, akajibiwa kwamba kipo cha wanaume, hakina mlango.

"Basi hiyo ndiyo shida ya kuleta wanawake saiti," akasema yule bwana, bila chuki, kama mtu anayezungumzia mvua.

Kaskazini alimtazama. Uoga ulikuwa umemwisha, labda kwa sababu hakuwa na kingine cha kupoteza. "Nyumbani kwako, Mzee, choo kina mlango?"

"Kina, bila shaka."

"Na wewe ni mwanamume."

Mkuu alishikwa na kikohozi kilichochukua muda kuliko kawaida. Kabla hakijaisha, mlango ukagongwa, akaingia Mzee Timazi, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi. Hakuwa ameitwa. Alisema kwamba viti alivitoa yeye, kwa mikono yake, wala binti hakujua, na kwamba kama kuna daftari la kuandika makosa basi jina lake liandikwe juu. Akageuka akatoka bila kungoja jibu. Kaskazini alisimama pale akitamani kumkimbilia amkumbatie, na pia kumkemea.

Bodi iliamua yafuatayo. Ulimi uvunjwe. Mzee Timazi avuliwe usimamizi, arudi kwenye useremala wa mbao za zege alikoanzia. Kaskazini aandikiwe barua ya onyo na kupanda kwake cheo kusimame miaka mitatu. Na wale wasichana? Mkuu alimwita peke yake kumweleza. Waje kwa majaribio, bodi imesema. Ulimi wa pili ukishatolewa mbao, ncha yake ipimwe. Ikishuka zaidi ya sentimita moja, majaribio yatakuwa yameisha siku hiyohiyo, na maombi ya aina hiyo hayatapokelewa tena.

"Wao wanajua?" Kaskazini akauliza.

"Hawajui. Ukitaka, waambie wewe."

Ulimi wa kwanza ulivunjwa kwa nyundo siku nane, na kila mpita njia alisimama akauliza kulikoni. Kaskazini alikuja kila siku akakaa palepale waziwazi, aulizwe yeye. Siku ya tisa alimkuta Mzee Timazi nyuma ya ghala la saruji akipiga misumari. Alikuwa amejenga kibanda cha mbao zilizobaki, kimesimama wima kabisa, kina paa, kina ndoo na kopo, kina mlango, na mlango una komeo kwa ndani. Hakuna aliyemwagiza. Alikifungua na kukifunga mara mbili kumwonyesha kwamba hakigomi, akaokota nyundo yake akaondoka.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa na saiti kubwa zake mwenyewe na watu mia tatu chini yake, Kaskazini hakuruhusu hata jembe moja liguse ardhi kabla kibanda cha namna ile hakijasimama. Wakandarasi walinong'ona kwamba mama huyu anaanza majengo kinyumenyume. Waliomjua hawakumbishia, walileta mbao.

Zege la pili lilimwagwa siku ya mawingu. Safari hii walipita juu ya njia za mbao, wasiguse nondo, na Kaskazini alisimama juu tangu toroli la kwanza. Saa tano akashuka. Kwa dakika nne alizokuwa kibandani Mzee Timazi alisimama kwenye njia ya mbao, akivilinda viti vile kumi na vinne, mikono kiunoni, na hakuna toroli lililosogea.

Zikaja wiki nne za kumwagilia maji na kungoja. Wasichana waliripoti ofisini katikati ya muda huo. Mmoja mrefu, mpole, anayeandika kila anachosikia. Mwingine mdogo wa umbo, mdomo hautulii. Kaskazini aliwatazama wakipewa stuli zao na meza zao, akawaona wanavyozipangusa kwa leso. Alijiapiza kuwaambia, na kila asubuhi alikuta kinywa hakifunguki. Aliwafundisha kukokotoa boriti. Hata mshale mmoja wa kaskazini hakuwaachia wachore.

Ulikuwapo utaratibu kwa wajenzi wa zama zile, ambao kanuni za leo zinaukataza, na zinafanya vyema: mirunda inapoondolewa, aliyetia saini husimama chini. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ukisimama pembeni tu, mafundi hawakuambii kitu, ila kuanzia siku hiyo hawakusikilizi. Asubuhi ya siku hiyo Mkuu alikuja na gari, akiwa na wajumbe wake na wasichana wawili kwenye kiti cha nyuma, kofia za kazi zikiwashuka mpaka kwenye nyusi. Ubao mrefu ulikuwa umesimamishwa wima mbele ya ncha ya ulimi, na juu yake mstari mwembamba wa penseli ulioonyesha ncha ilipo kabla ya kazi kuanza. Kaskazini akavuta pumzi akaenda kusimama chini, katikati.

Mzee Timazi ndiye aliyekuwa na nyundo. Mirunda ilikuwa kumi na miwili, na ulimi huvuliwa kuanzia nchani kurudi ukutani. Alikuwa ameshagonga mrunda wa kwanza Kaskazini aliposikia nyayo. Wasichana walikuwa wamekuja. Walimwona injinia wao amesimama pale, wakadhani hapo ndipo mahali pa kusimama, wakaja wakajipanga kushoto kwake na kulia.

"Tokeni," akawaambia kwa sauti ya chini. "Rudini kwa Mkuu."

"Mbona wewe umesimama, Dada?" akauliza yule mdogo.

Kumjibu kungemlazimisha kusema yote. Mrunda wa pili ukaanguka, na wa tatu. Aliwashika mikono wote wawili akawasogeza nyuma, karibu kabisa na ukuta, akasimama mbele yao. Hesabu aliijua, aliirudia mara kumi na moja, na ilimpa milimita sita. Lakini hesabu ni karatasi, na hizi zilikuwa shingo za watu. Mzee Timazi alikuwa akigonga, anasogea, anagonga, wala hatazami juu. Vumbi la mbao likawamwagikia mabegani. Safu ya kwanza ikaisha. Safu ya pili ikaisha. Mrunda wa mwisho ulikataa, akaupiga mara tatu, ukalala chini kwa kishindo, na mbao zikafuatia.

Ulimi ulibaki hewani. Ukimya uliofuata Kaskazini anaukumbuka kuliko makofi yote aliyokuja kupigiwa kwenye kumbi, na alipigiwa mengi. Yule msichana mrefu, aliyezoea kuandika kila kitu, alikuwa ameshaona kwamba kuna mstari na kuna ncha, na kwamba lazima kuna kitu cha kupimwa kati yake. Akachomoa rula ya chuma, akapanda kwenye ngazi. Akainamisha kichwa, akafunga jicho moja. Wajumbe wakasogea. Mzee Timazi akavua kofia.

"Milimita nne," msichana akasema.

Alilisema kikazi tu, kama anayesoma saa. Kisha akageuka kumtazama Kaskazini, penseli mkononi, na hakuelewa kwa nini macho ya dada yake huyu yamejaa, wala kwa nini mzee mwenye nyundo amegeukia ukutani.

"Naandika wapi, Dada?"

Kaskazini akampa daftari la saiti, akalifungua kwenye ukurasa wa siku ile.

"Hapo," akasema. "Kisha tia saini yako. Wewe ndiye uliyeiona."